Panzi wamekula miche: tazama mbawa kabla hujanunua dawa

Masika yaliyopita jirani yangu wa huku Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, alinijia asubuhi na jani la mhindi mkononi. Lilikuwa limeliwa likabaki uti. "Mwanangu, hebu nitazamie hili. Nimepuliza mara mbili na panzi ndio kwanza wanazidi."

Dawa aliuziwa na duka moja la pembejeo bila kuulizwa hata swali moja: mdudu gani, ana ukubwa gani, anakula upande gani wa shamba. Mara ya kwanza alipuliza saa saba mchana, jua la utosini. Mara ya pili alipuliza alasiri, na usiku ikanyesha mvua iliyoosha kila kitu. Nikamuuliza, "Mama, hao panzi wana mbawa?" Akacheka. Panzi ni panzi, nani akae kumkagua mbawa?

Hapo ndipo tunapopotea wengi. Panzi hapitii hatua ya pupa, ile ya kujifungia ndani ya gamba bila kula, kama kipepeo. Anatoka katika yai akiwa panzi tayari, mdogo kama punje ya mchele, ana kichwa, macho na miguu ya kurukia, ila mbawa hana. Kila akikua gamba linambana, analivua, anatoka mkubwa zaidi. Hufanya hivyo mara tano au sita hivi, na mbawa kamili huzipata baada ya kuvua gamba la mwisho. Kabla ya hapo ana vibapa viwili tu mgongoni. Huyo asiye na mbawa ndiye wazee waliyemwita tunutu. Tunutu huchupa kwa miguu, haendi mbali. Ukimkuta shambani, basi amezaliwa papo hapo, kwako au mpakani. Mwenye mbawa huenda ametoka ng'ambo ya mto Sabaki. Kwa hiyo mbawa zinakuambia tatizo liko wapi, na dawa ya tatizo hilo mara nyingi haiuzwi dukani.

Je, aliyekula ni panzi kweli?

Panzi huanza ukingoni mwa jani, akaingia ndani. Taya zake hukutana kwa ubavu kama makali ya mkasi, na alama anayoiacha ni ya meno-meno, imechanika, si duara safi. Akikaza kula, jani la mhindi hubaki mfupa wa kati peke yake. Chini ya mmea utaona vinyesi vikavu vidogo, virefu kidogo kuliko upana wake.

Sasa linganisha. Jani lenye vidirisha, yaani limekwanguliwa upande mmoja ikabaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, si la panzi. Fungua moyo wa mhindi: ukikuta unga mbichi kama wa msumeno, hao ni viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017. Mkubwa wao ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia ana nukta nne zilizokaa kama pembe za mraba. Dawa ya kupuliza juu ya majani kwa ajili ya panzi haimfiki huyo aliyejificha moyoni, ndiyo maana ni muhimu usiwachanganye.

Mche uliokatwa shingoni ukalala chini, majani yake yote yakiwa mazima, ni kazi ya sota. Chokoa udongo kwa kidole karibu na shina. Utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo, amejikunja kama herufi C. Hula usiku, mchana analala, na panzi aliyeonekana hapo asubuhi hubeba lawama isiyo yake. Majani ya mbaazi au ya waridi yenye nusu duara safi kama zilizokatwa kwa mkasi ni ya nyuki mkata majani, anayebeba vipande hivyo kwenda kujengea kiota chake. Huyo mwache, anakuchavushia maua.

Na mbuzi, jamani. Nimewahi kuitwa kuangalia uharibifu wa "panzi" ambao nyayo zao zilikuwa na kwato.

Miche ya mahindi imeliwa yote. Ning'oe nipande upya?

Usiwe na pupa. Kitovu cha kuchipulia cha mhindi hukaa chini ya udongo mpaka mmea ufikishe majani sita hivi. Panzi akila yaliyo juu, kitovu kiko salama na baada ya siku chache utaona jani jipya linasukuma. Pasua mche mmoja kwa urefu ukahakikishe: moyo ukiwa mweupe na mgumu, ni hai. Ukiwa wa kahawia na laini, umekufa.

Kunde na pojo hazina bahati hiyo. Kitovu chao hutoka nje pamoja na majani ya kwanza. Zikikatwa chini ya majani hayo zimekwisha, panda tena siku hiyohiyo kabla unyevu haujaondoka.

Ni tunutu, na wako wengi upande mmoja tu wa shamba

Hili ndilo lililomkuta jirani yangu. Tulipokwenda kutazama, mistari ya katikati ilikuwa mizima. Iliyoliwa ni minne ya upande wa kusini, inayopakana na kiwanja ambacho mwenyewe anaishi Mombasa na hakijaguswa na jembe kwa miaka. Ukoka umejaa, mikorosho miwili, na kinjia cha watu wa kuchota maji.

Panzi jike hapendi udongo uliotifuliwa. Hutafuta mahali palipotulia: ukingo, njia, chini ya mti, ngwe iliyolazwa. Huchomeka ncha ya tumbo ardhini, tumbo likarefuka kuliko kawaida yake, akataga mayai yaliyobanana mstari kwa mstari, kisha akayamiminia povu. Povu likikauka huwa kifuko kinachozuia mayai yasikauke. Kwa panzi wengi kifuko hicho kiko vidole viwili vitatu tu chini ya uso wa ardhi. Kwa spishi nyingi mayai hukaa humo kiangazi kizima. Mvua ikilowesha ardhi, na joto la pwani tunalijua, yanaanguliwa kwa mkupuo. Hapo wewe unashangaa: jana hapakuwa na kitu, leo nyasi zinaruka!

Kosa alilofanya jirani yangu, na nimeliona kwa wengi, ni kuufyeka ukingo siku ileile alipowaona tunutu. Alidhani anawaondolea maficho. Kumbe amewaondolea chakula, na chakula kingine kilichokuwa karibu ni mihindi yake ya wiki mbili. Ukingo ukiwa na tunutu, uache kwanza ulivyo. Washughulikie humohumo ndani ya nyasi, ndipo ufyeke.

Kuwashughulikia ni jambo la saa. Panzi hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata hali ya hewa. Baada ya alfajiri, umande ukingalipo, amepoa na mapaja hayana nguvu. Jua likichomoza utamwona amegeuza ubavu kulielekea, anajipasha. Kuanzia saa tatu humpati tena. Basi alfajiri ndiyo saa yake. Pitisha ndoo yenye maji ya sabuni chini ya nyasi, uzikung'ute. Sabuni ina kazi yake: panzi hapumui kwa mdomo, ana matundu madogo ubavuni mwa kifua na tumbo, na maji matupu hayaingii humo kwa urahisi. Akielea juu ya maji matupu atatoka akaenda zake.

Kuku wa kienyeji walioachiwa ukingoni asubuhi wanafanya kazi hiyohiyo bila kulipwa. Yangeyange hali kadhalika, hasa ng'ombe wakipita na kuwashtua panzi. Na kunguru wa Malindi msiniulize, methali inawajua vizuri: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Ukiona lazima upulize dawa, puliza ule mkanda wa ukingo na mistari miwili mitatu ya mwanzo, wakati tunutu ni wadogo. Shamba zima la nini? Soma kibandiko uone siku za kusubiri kabla ya kuvuna, maana mchicha wa kati ya mihindi huenda ukafika sokoni kesho yake. Na kunde zikiwa na maua usipulize asubuhi, ndio wakati wa nyuki.

Wana mbawa, na kila nikipuliza wanarudi

Hawarudi. Wale wa jana wamekufa, hawa ni wengine. Panzi mwenye mbawa hahitaji mwaliko: majani ya porini yakianza kukauka, hufuata kijani popote kilipo, na shamba lako la bamia lenye maji ya kisima ndilo kijani pekee. Unaweza kupuliza kila wiki na kila wiki ukapata wageni wapya, mpaka pesa ya dawa ipite bei ya bamia.

Hapa afadhali kumkatisha tamaa kuliko kumwua. Sisi wa pwani tuna mwarobaini kila ua, na panzi na jamaa zake hawaupendi. Mtaalamu wa wadudu Mjerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudani mwaka 1959 nzige walipofagia kila jani, akaona miarobaini imesimama na kijani chake. Uchunguzi mwingi uliofuata ulianzia hapo. Kilichomo, hasa kwenye kokwa, humfanya mdudu aache kula, na akiwa mchanga humvuruga kuvua gamba.

Chukua kokwa kavu zilizomenywa, nusu kilo kwa lita 10 za maji. Twanga, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili maji yashike majani, puliza jioni. Jioni, kwa sababu jua huiharibu upesi. Mvua ikinyesha rudia. Usitarajie kuona maiti wa panzi asubuhi. Tazama kama majani mapya yanaliwa au la.

Wamejaa kwenye mihogo, hawakimbii, na wananuka

Hapa kanuni yangu ya mbawa inakwama. Kuna panzi mwenye madoadoa ya manjano, nyeusi na rangi ya chungwa, mnene, mzito kama aliyeshiba pilau. Wataalamu humwita *Zonocerus elegans*. Wengi wao hata wakikomaa mbawa zao ni fupi, haziwabebi. Kwa hiyo ukimwona mfupi wa mbawa usiseme ni mtoto: angalia rangi na mwendo.

Hakimbii kwa sababu hana wa kumwogopa. Hukusanya sumu kutoka kwenye mimea anayokula, na akibanwa hutoa majimaji yenye harufu mbaya. Rangi zile ni tangazo. Kuku akimjaribu mara moja hamrudii, basi hesabu ya kuku niliyoitoa juu haimhusu huyu. Watoto pia wakatazwe. Sisi Waislamu tunajua nzige ni halali bila kuchinjwa, sawa na samaki, lakini uhalali wa nzige hauondoi sumu ya panzi huyu.

Muhogo una ulinzi wake. Jani bichi likitafunwa hutoa sianidi, na jamaa wa panzi huyu anayeishi Afrika Magharibi ameonekana kuyapendelea majani yaliyonyauka, ambayo sumu imepungua. Ndiyo maana mimi siachi matawi yaliyokatwa yakinyauka kati ya mihogo. Nayaona kama kuwawekea sahani. Njaa ikiwazidi hula hata mabichi, wakamaliza na maganda ya matawi machanga.

Uzuri wake ni kwamba hupenda kukaa kikundi. Wachanga, weusi wenye alama za manjano, husongamana kwenye tawi moja, na jioni hupanda juu ya mimea kulala. Jioni hiyo au alfajiri, mtu mmoja mwenye ndoo na glavu anamaliza mihogo yote. Majike nao hutaga mahali pamoja penye kivuli. Ukiona wamekusanyika ardhini chini ya kichaka, tia alama kwa kijiti. Ukirudi na jembe baada ya wiki mbili tatu, unajua pa kuchimba.

Nimepuliza, nimekuta maganda meupe mengi. Si wamekufa?

La. Shika moja ulitazame mgongoni: limepasuka kwa urefu, ndani tupu. Hilo ni gamba lililovuliwa, mwenyewe yupo karibu na ni mkubwa kuliko jana. Wengi husherehekea hapa.

Lakini ukikuta panzi wazima, wamekufa wakiwa juu kabisa ya bua la nyasi, wamelikumbatia kwa miguu, kichwa kikielekea juu, hapo kweli una bahati. Kuna ukungu, *Entomophaga grylli*, unaomwingia panzi, ukamfanya apande juu kabla ya kufa ili vumbi la uzazi wake limwangukie mwingine chini. Hupenda siku za unyevunyevu. Usiwakusanye wala usiwachome, waache hapo walipo. Ukungu huo hauna habari na mihindi yako.

Mahindi yamekomaa lakini hindi lina mapengo

Kila uzi wa ndevu za hindi unakwenda kwenye punje moja. Panzi hupenda ndevu mbichi kuliko jani. Akizikata kabla hazijapata chavua, punje zile hazitungi, na hindi linakuwa kama mdomo wa mzee. Ukiona mapengo yametawanyika na unakumbuka kuona ndevu zimekatwa fupi, ni panzi au mdudu mwingine mtafunaji. Ukiona mapengo yamekusanyika nchani tu na ndevu zilikuwa ndefu, mara nyingi ni ukame. Kwa vyovyote, msimu huo umepita. Msimu ujao linda wiki ile ndevu zinapotoka, ndiyo wiki ya kuamka mapema.

Je, hawa si nzige?

Swali hili lilianza kuulizwa sana baada ya nzige wa jangwani kuingia kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, uvamizi wa ukubwa ambao haukuwa umeonekana nchini kwa miaka 70. Walikuja wakisukumwa na upepo wa kaskazi, kama majahazi.

Nzige ni panzi, ila ni panzi mwenye tabia mbili. Akiishi peke yake ni mdudu mtulivu wa rangi ya kijani au udongo, hupita bila kutambulika. Mvua nzuri ikiwazalisha, kisha majani yakipungua wakasongamana, kule kugusana miguu ya nyuma peke yake kunabadilisha kemikali za ubongo wao: baada ya saa chache tu wanaanza kutafutana badala ya kukimbiana. Vizazi vikifuatana hubadilika hata rangi na umbo. Mtu aliyeeleza kwanza, mwaka 1921, kwamba ni mdudu mmoja na si wawili ni mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov.

Basi usihesabu wingi tu, tazama mwenendo. Panzi wa kawaida hutawanyika ukipita katikati yao, kila mmoja na njia yake. Tunutu wa nzige walio katika hali ya kundi huwa manjano na weusi na huandamana wote upande mmoja kama askari. Wakubwa huruka mchana kwa kundi. Wenye mbawa ambao bado hawajakomaa ni wa waridi, waliokomaa ni manjano. Ukiona hivyo hakuna ndoo wala mwarobaini wa kukuokoa: kundi lililoenea kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 40 na zaidi. Mpigie afisa wa kilimo wa wadi au chifu siku hiyohiyo, umweleze mahali, saa na upande walikoelekea. Na wakishapuliziwa dawa, wasiliwe.

Mambo madogo yanayoulizwa

Anayelia usiku kucha nyuma ya kabati si panzi, ni nyenje, anayesugua mbawa kwa mbawa. Panzi anayelia hulia mchana, kwa kusugua paja kwenye ubawa, na masikio yake yako ubavuni mwa tumbo. Wale wa kijani wenye papasio ndefu kama nywele wanaofuata taa ni ukoo wa senene, ndugu wa mbali.

Maji ya kahawia anayotema ukimshika ni chakula cha tumboni, anakutisha tu, hayadhuru. Mguu uliobaki mkononi mwako aliuacha kwa hiari na hauoti tena.

Ukiona panzi weusi kwenye konde lililochomwa, si ugonjwa. Baadhi ya panzi wa Afrika hugeuka weusi siku chache baada ya moto, wakafanana na majivu.

Jirani yangu alifanyaje

Masika yale alipoteza mistari minne, mitatu ikachipua tena. Mwezi wa Februari, kaskazi likichoma, alimpigia simu mwenye kiwanja akaomba ruhusa. Tukaulima ukingo ule kwa jembe, upana wa hatua tatu, kina cha kiganja, tukauacha jua liupige. Kokoto tulizodhani ni mawe zilikuwa vifuko. Alikivunja kimoja akakuta mayai ya rangi ya ngano yamelala kama tende kwenye kikapu, na katika kingine funza mmoja mnene ameshayala yote. Nikamwambia huyo huenda ni mtoto wa wale mbawakawa wa malengelenge, wenye mabaka mekundu na meusi, wanaomlia maua ya pojo kila mwaka.

Akakitazama kile kifuko kwa muda. "Sasa huyu nimwue au nimshukuru?"

Kuku alifika kabla sijajibu.